Fundi Aliyeziogopa Breki Zake

Siku niliyoripoti kazini kwenye gereji ya ushirika pale Mtwara, fundi mkuu hakuniomba leseni. Alikuwa amechuchumaa pembeni ya tairi, anafuta mikono kwa kipande cha gunia, akaniuliza naogopa nini. Nilikuwa kijana niliyetoka Iringa, nimeendesha malori kwenye milima ambayo watu wa pwani hawajawahi hata kuiota, nikamjibu kwamba siogopi kitu. Akainuka, akachukua ufunguo wa lori nililopangiwa, akaufungia ndani ya sanduku lake la vifaa, akaenda kunywa chai. Wiki nzima nikawa nafagia ua. Nilipomwendea tena na kumwambia kwamba kusema kweli naogopa mteremko wenye changarawe, alinipa ufunguo bila hata kutabasamu.

Jina lake sote tulilijua, lakini hapakuwa na mtu aliyelitumia. Ofisini walimwita Ndugu Fundi, sisi madereva tulimwita Fundi, na hata mkewe alipomletea chakula alisimama getini akauliza kama Fundi yupo. Nami nitamwita hivyo hivyo, maana nikimwita vinginevyo nitahisi namsema mtu mwingine.

Alikuwa mwoga kuliko watu wote niliowahi kufanya nao kazi, na hakuficha. Aliogopa radi, mbwa, sindano, na maji yanayopita magoti, ingawa alikulia Msimbati ambako watoto huogelea kabla ya kutembea vizuri. Ng'ambo ya mto Ruvuma, Msumbiji, vita vya kumtoa Mreno vilikuwa bado vinapiganwa, na siku ndege ilipopita ikitokea upande wa mto, Fundi ndiye aliyekuwa wa kwanza kulala chini ya lori. Ndege ilipokwisha kwenda zake alitoka taratibu, akajikung'uta, akasema alikuwa anaangalia bolti. Tulicheka mpaka machozi. Redio ya gereji aliiacha iimbe taarabu tangu asubuhi, lakini taarifa ya habari ilipoanza aliizima yeye mwenyewe, na ole wake ambaye angeiwasha. Alisema habari mbaya zitamfikia tu, hana haja ya kuzifuata.

Mtu huyohuyo alilala chini ya malori yaliyoinuliwa kwa magogo ya mkorosho, kifua kikiwa chini kabisa ya ekseli, akiimba puani. Sisi tuliojiona majasiri tulikataa kuingiza hata mkono. Nilimuuliza siku moja imekuwaje aogope kuku anayetaga asiogope tani za chuma. Akaniambia kwamba magogo yale ameyapanga yeye, akayatikisa yeye, akayaogopa kwanza yeye, ndiyo maana anaweza kulala chini yake. Kuku hajampanga.

Alikuwa na masharti yake. Vifaa alivitandaza juu ya kanga kuukuu ya mkewe, na hakuna aliyeruhusiwa kuiruka. Neno "tayari" lilikuwa marufuku katika ua wake. Dereva akiuliza kama gari liko tayari, Fundi alijibu kwamba limefungwa. Kufungwa maana yake kila kilichofunguliwa kimerudishwa mahali pake. Mengine, alisema, gari lenyewe litasema likiwa njiani. Injini hakuziheshimu sana, alimwachia msaidizi yeyote. Breki aliziheshimu. Aliniambia kwamba injini ikikataa nitachelewa kufika, lakini breki zikikataa nitawahi, na huko nitakakowahi hakuna mtu anayenisubiri kwa hamu. Alipokuwa anafunga breki hakusema na mtu. Alizinusa. Aliigonga dramu, ile ngoma ya chuma inayozunguka pamoja na tairi, kwa spana ndogo, akasogeza sikio, akafumba macho, kama daktari anayesikiliza kifua cha mtoto. Mara nyingi aliigonga tena upande wa pili kwa sababu tu hakuamini sikio lake.

Sitaki mtu afikiri alikuwa malaika. Fundi alikuwa mwongo, tena mwongo hodari. Gari ambalo hakulipenda likitakiwa kwenda safari, alichomoa waya mmoja, akauweka mfukoni, kisha akaenda kwa meneja na uso wa msiba kueleza kwamba kipuri hakijafika. Meneja alijua, lakini hakuweza kuonyesha ni waya gani. Msimu mmoja korosho za watu wa Nanyamba zilinyeshewa mvua ghalani kwa sababu malori mawili yalikuwa "yanasubiri kipuri", na wakulima wale wa watu, waliopalilia mwaka mzima, waliyaona magunia yao yakiota ukungu. Nilimwambia Fundi hilo nikiwa nimekasirika. Akasema mikorosho itazaa tena mwakani, akarudi chini ya lori.

Lakini alichokiogopa zaidi ya vyote kilikuwa ofisi. Akiitwa ofisini alifunga vifungo vya shati mpaka shingoni, na sauti yake, ambayo gerejini ilisikika mpaka barabarani, ikawa nyembamba. Aliwaitikia "ndiyo mzee" vijana wenye umri wa wanawe, mradi tu wana kalamu mfukoni. Madereva wa zamani walikuwa na maelezo mengi. Mmoja alisema Fundi aliwahi kufungwa wakati wa Mwingereza kwa ajili ya lori la mlowezi lililoua watu mlimani. Mwingine alisema hapana, alipigwa na mnyapara bandarini. Mwenyewe nilipomuuliza alisema amezaliwa hivyo, na mama yake alikuwa hivyo, na babu yake mzaa mama alikuwa zaidi. Sikupata kujua ukweli. Ninachojua ni hiki ninachotaka kukisimulia sasa, maana nilikuwapo.

Ilikuwa miaka ile ya kuhamia vijijini. Watu waliokuwa wametawanyika mashambani, nyumba moja hapa na nyingine kule, walitakiwa wakae pamoja palipo na barabara, shule na maji. Wengine walihama kwa furaha. Wengine hawakutaka kuacha mikorosho yao na makaburi ya wazee wao, na hao ndio waliofuatwa na malori. Magari yote ya ushirika yaliazimwa kwa kazi hiyo. Mimi nilikuwa na lori kuukuu la tangu wakati wa Mwingereza, lenye pua ndefu na bodi ya mbao. Tuliliita Bibi.

Nilirudi nalo kutoka Tandahimba, tairi la nyuma la kulia likiguna kila nikikanyaga breki. Fundi akalifungua, akaigonga dramu kwa spana yake. Badala ya kulia kama kengele, ikatoa sauti ya chungu chenye ufa. Hakugonga tena. Akaniambia niangalie, nikauona mstari mwembamba kama unywele ukipita kwenye chuma kutoka ukingo hadi ukingo. Nilikuwa nimebeba watu siku ile.

Dramu mpya haikuwapo Mtwara, wala hakuna aliyejua itakuja na meli gani. Nyuma ya ghala la korosho palikuwa na gofu la lori la aina ileile, limeota majani mpaka madirishani. Fundi aliing'oa dramu ya gofu lile, akaisugua kutu kwa msasa, akaigonga. Ililia vizuri. Akavivika utando mpya wa kusugua viatu vya breki, vile vyuma viwili vilivyopinda kama mwezi mchanga, ambavyo hutanuka na kuibana dramu kwa ndani. Akafunga kila kitu. Nikaingia ndani nikakanyaga pedeli, ikazama karibu mpaka sakafuni. Nikakanyaga tena harakaharaka, ikapanda.

Hapo kazi ikaanza upya. Kwanza alidhani ni upepo umeingia kwenye mabomba. Mimi nikawa nakanyaga pedeli, yeye yuko chini anafungua na kufunga kile kinjugu kidogo cha kutolea upepo nyuma ya tairi, ananiambia nikanyage, nishikilie, niachie. Mafuta ya breki yalitoka safi, hayana hata povu moja. Akafikiri labda silinda ndogo ya tairini inavuja, akaufunua mpira wake kwa kidole; ulikuwa mkavu. Akafikiri viatu vimewekwa kinyume, akavitoa, akavirudisha vilevile kwa sababu vilikuwa sawa. Akakaza viatu visogee karibu na dramu, akalizungusha tairi kwa mkono. Sehemu moja liligoma, sehemu nyingine likateleza kama halina breki kabisa.

Akanawa mikono, akaenda shule ya msingi ya jirani, akarudi na kipande cha chaki. Aliipaka chaki dramu yote kwa ndani mpaka ikawa nyeupe, akaifunga, nikakanyaga breki huku yeye akilizungusha tairi, kisha akaifungua tena. Akaniita nikaangalie. Chaki ilikuwa imefutika mahali pawili tu, kwingine kote nyeupe vilevile.

"Hapa penye weupe," alisema, "hakuna breki."

Dramu ile ilikuwa imelika na gari lake la kwanza, si duara tena. Fundi akaanza kupiga tupa utando wa viatu, kidogokidogo, anapaka chaki, anafunga, anafungua, anapiga tupa tena. Alipomaliza weupe ulikuwa umebaki kidogo sana. Pedeli ilisimama juu. Niliendesha uani, nikakanyaga, Bibi akasimama palepale. Mimi nilifurahi. Yeye hakufurahi. Aliniambia dramu ni nyembamba mno, na chuma chembamba kikipata moto kinatanuka na kuvikimbia viatu, na hilo halitaonekana hapa uani palipo tambarare na gari tupu. Alitaka siku moja tu, tulipakie mchanga, tukateremke nalo kilima cha Mikindani mpaka breki zichemke, aone.

Kesho yake kabla ya siku ile kupatikana alikuja Katibu wa tarafa. Alikuwa kijana wa kutoka kanda ya Ziwa, mpole wa maneno, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Lori jingine lilikuwa limeharibika, na watu wa vitongoji fulani vya juu, karibu na mahali ambapo uwanda unakatika ghafla kuelekea bonde la Ruvuma, walitakiwa wawe wamefika kwenye kijiji kipya cha bondeni. Juu kule hakukuwa na maji; wanawake walitembea asubuhi nzima kuyafuata. Bondeni kulikuwa na maji na mashamba ya mpunga. Katibu aliamini anawafanyia wema, na sidhani kama alikosea kabisa. Lakini alikuwa amepewa siku, na siku zimemwishia. Alimuuliza Fundi kama lori linasimama. Fundi, vifungo mpaka shingoni, akajibu kwamba limefungwa, na kwamba hapa uani linasimama. Katibu akasema linalosimama hapa litasimama na kule.

Nilimwona Fundi anafumbua mdomo, anaufumba, anaufumbua tena. Kisha akasema, "Ndiyo mzee."

Siku zile kumkatalia kiongozi kazi ya kuhamisha watu kuliweza kuitwa hujuma, na neno hilo lilimtoa mtu nyumbani kwake. Sikumlaumu. Hata waya hakuchomoa. Lakini asubuhi tulipoondoka alikuja na sanduku lake la vifaa, bila kuitwa, akapanda nyuma kwenye bodi, yeye ambaye hakupenda kupanda gari lolote lililokwenda zaidi ya mwendo wa punda.

Tuliwachukua watu jua likiwa limeshapanda. Familia nzimanzima, na mikeka, na vinu, na mitungi, na kuku waliofungwa miguu. Mzee mmoja asiyeweza kutembea aliinuliwa na kitanda chake cha kamba. Hawakusema sana. Wengine walikuwa wamesikia mizinga ng'ambo ya mto na hawakutaka kuishi karibu nayo, na mama mmoja aliuliza mara kwa mara, kwa Kimakonde, kama bondeni ndege zinafika. Katibu alikaa mbele na mimi. Alikuwa anawahesabu watu kwa midomo bila sauti, tena na tena.

Njia ya uwandani ni ya mchanga na inapanda na kushuka kidogo tu, lakini kila nilipokanyaga breki niliihisi pedeli inakwenda chini zaidi ya mara iliyotangulia. Nilijiambia ni mawazo yangu. Tulipofika ukingoni, pale barabara inapoinama na bonde lote linaonekana, mto ukimetameta mbali, ngumi zilianza kupiga juu ya paa la kebini. Alikuwa Fundi. Nikasimama, nikavuta hendibreki, nikashuka.

Alikuwa amekwisha ruka chini. Anakwenda tairi hadi tairi anaweka kiganja karibu na chuma. La nyuma la kulia hakuligusa. Aliurudisha mkono haraka, akaunusa. Akamwendea Katibu, akamwambia kwa sauti ile nyembamba kwamba anaomba watu washuke, watembee mteremko huu, lori lishuke tupu. Katibu akakataa. Hakukataa kwa jeuri. Alimvuta pembeni, nami nikasikia, akamwambia kwamba watu hawa wakigusa ardhi watatawanyika porini, warudi kwao, na yeye atakwenda kujibu nini. Akamuuliza Fundi breki zimekufa au hazijafa. Fundi akasema hazijafa. Katibu akasema basi twende.

Nilimtazama Fundi. Alikuwa anafunga vifungo vya shati mpaka shingoni. Nilidhani atasema ndiyo mzee. Badala yake aligeuka, akarudi nyuma ya lori, akasimama mahali ambapo kila mtu aliyekuwa juu angeweza kumwona.

"Breki za gari hili nimezifunga mimi kwa mikono yangu," akawaambia. "Naziogopa."

Kisha yule mama aliyekuwa anauliza habari za ndege akamshusha mwanawe, akashuka na yeye. Akafuata mwingine. Vijana wakaukamata ubao wa nyuma wa bodi, wakaufungua, wakamteremsha yule mzee na kitanda chake. Katibu alipiga kelele wabaki pamoja, wasiingie vichakani, lakini baadhi walikuwa wameshaingia, na majani yalikuwa yameshajifunga nyuma yao. Aliwakimbilia huku na huku, kama mtu anayekusanya vifaranga, kisha akatugeukia na uso ambao sijausahau, uso wa mtu anayeona maisha yake yanamwagika. Alimwambia Fundi kwamba amemuua. Fundi alikuwa anatapika kando ya barabara.

Waliobaki walianza kushuka kwa miguu, na Katibu nyuma yao. Tuliwangoja mpaka wakapita kona na kuchukua njia ya mkato ya miguu. Vyombo vyao vyote vilikuwa bado ndani ya Bibi. Nilimwambia Fundi abaki, hakuna haja ya wawili. Alijipangusa mdomo, akafungua mlango wa abiria, akapanda, akaushika ukingo wa kiti kwa mikono miwili. Aliniambia niweke gia ndogo kabisa, nisiiguse breki mpaka iwe lazima.

Nilifanya hivyo. Bibi alishuka akinguruma, polepole, na kwa muda nilidhani mambo yatakuwa mazuri. Lakini gia za lori lile zilikuwa zimechoka, na kwenye korongo lililokata barabara gari liliruka, na gia ikachomoka. Nikakanyaga breki. Ilishika, ikalegea, kisha pedeli ikaenda mpaka chini kama inazama kwenye uji. Nikapampu. Chini tena. Harufu ya kuungua ikajaa kebini. Gia haikukubali kurudi. Upepo ukaanza kulia madirishani.

Watu husimulia kwamba katika saa kama ile mtu mwoga hugeuka simba. Fundi hakugeuka. Alipiga mayowe tangu mwanzo mpaka mwisho, mayowe ya mtoto, akimwita mama yake. Ila huku anapiga mayowe alikuwa amekamata hendibreki kwa mikono yote miwili na miguu ameikita kwenye dashibodi, anavuta, mishipa ya shingo imesimama. Ilipunguza mwendo kidogo. Kidogo hicho ndicho nilichokitumia. Niliona kwa mbele kona, na baada ya kona hakuna kitu, anga tupu. Na upande wa kulia kabla yake kuna tuta la udongo na kichuguu kirefu. Nikakata usukani huko.

Nilipopata fahamu vizuri vumbi lilikuwa linashuka. Bibi alikuwa amegonga kichuguu, akalala ubavu. Bodi ya mbao ilikuwa imepasuka yote, mbao zimesimama wima kama mikuki, na vinu na mitungi vimetapakaa mpaka ukingo wa poromoko, na vingine vimetumbukia moja kwa moja. Mimi nilikuwa nimepoteza meno ya mbele. Fundi alikuwa amevunjika mfupa wa bega na alikuwa bado ameishika hendibreki. Ilibidi nimbandue kidole kimojakimoja. Hapo tu ndipo aliponyamaza.

Watu walifika kwa ile njia ya miguu. Walisimama wakalitazama lori. Hakuna aliyelia, hakuna aliyeshukuru. Mama mmoja aliokota mchi wake, akazipima kwa macho zile mbao zilizochomoza mahali alipokuwa ameketi, akaanza kutafuta kinu. Katibu alikuja wa mwisho, anahema. Aliuliza ni wangapi wametoroka, kisha akaiona bodi, na swali likamwishia mdomoni. Akaketi chini kwenye vumbi na suruali yake safi. Alituambia, bila kututazama, kwamba tukiulizwa tuseme lori lilishuka tupu kwa amri yake.

Kwa hiyo Fundi hakukamatwa. Lakini yeye hakuamini kwamba Katibu atashikilia neno lake, na hofu ya siku zile ilimla kuliko bega. Alifungasha shuka, kobazi na mswaki kwenye kikapu, akawa anakuja nacho gerejini kila siku, mkono mmoja umefungwa kwenye kitambaa shingoni. Landrova yoyote ikipita nje alisimama na kukichukua. Alikonda. Mkewe alinivuta pembeni getini, akaniambia hali chakula, halali usingizi, ameshawaaga hata wajukuu. Mwishowe akaenda kituo cha polisi mwenyewe. Niliandamana naye kwa sababu hakuweza kutembea sawasawa. Askari wa zamu alimuuliza ana kosa gani. Fundi akasema hajui, amekuja kuuliza. Askari akamtazama, akanitazama mimi na pengo langu, akaenda ndani, akarudi, akasema hakuna kitu juu yake, aende nyumbani akale. Njiani alilia kwa kelele, watu wakitutazama, na hakuona haya.

Baada ya hapo hakufunga breki tena. Meneja alimbembeleza, yeye akasema mkono haujapona. Ulikuwa umepona. Akahamia kituo cha utafiti Naliendele kutengeneza pampu za maji, na mimi nikarudi Iringa, nikaoa, nikaendesha mabasi mpaka macho yalipoanza kunikataa.

Nilimwona mara moja tu baadaye. Binti yangu alikuwa amepangiwa kufundisha Mtwara, nikaenda kumtembelea. Nilikuwa natembea mtaa wa Mtawanya jioni nikamwona mzee ameketi kwenye benchi mbele ya duka, amevaa kanzu safi, na nikamtambua kwa namna alivyoinua miguu mbwa alipopita. Alinitambua kwa meno. Tulishikana mikono muda mrefu. Mkewe alikuwa ameshafariki. Tuliongea habari za watoto, na maradhi, na bei ya sukari, na sote tulijua tunazunguka. Mwishowe nikamuuliza lile swali nililolibeba miaka yote: pale juu, alipowaambia watu washuke, alijua kwamba breki zitakufa?

"Sikujua," alisema. "Chuma kilikuwa cha moto, lakini breki zote huwa za moto. Ningejua, mdogo wangu, ningemkatalia Katibu kulekule gerejini. Niliogopa tu."

Nikamuuliza, je, kama breki zingeshika mpaka bondeni? Akasema watu wangekuwa wametoroka bure, na Katibu angefungwa, na yeye pia, na mpaka leo wangemwita mwoga aliyeharibu kazi ya nchi. Alisema hayo bila uchungu, kama mtu anayeeleza ubovu wa gari la mwenzake. Akaniambia kwamba bado anaota ameketi kwenye kebini ile, lakini ndotoni watu wako nyuma, hawakushuka, na yeye anajaribu kuwaambia na sauti haitoki. Nilimwambia nami huota hivyo, na ilikuwa kweli, na sikuwahi kumwambia mtu.

Adhana ikalia. Aliinuka, akaniaga, akaenda ukingoni mwa barabara ili avuke kwenda msikitini. Barabara ilikuwa tupu, ila mbali kabisa alikuwa anakuja mtu na baiskeli, amepakia kuni. Fundi akasimama kumngoja apite. Yule mtu alipomwona mzee amesimama akapunguza mwendo, akashuka, akasimama na yeye, amwachie avuke. Fundi akampungia mkono apite. Yule akampungia avuke. Walisimama hivyo, kila mmoja upande wake, wakiheshimiana. Kisha yule mtu akailaza baiskeli yake chini pamoja na kuni zake, akarudi nyuma hatua chache, akakunja mikono. Fundi akaitazama baiskeli iliyolala mpaka magurudumu yakaacha kuzunguka, ndipo akavuka.